Usipige Magoti Itulu

"Umechoka na kazi? Watoto wanakupigia kelele? Chagua mwenyewe pa kupumzikia. Nafasi ya nne: Ziwa Chuma, ambako samaki wanaelea juu wakikusubiri, ndoano ya nini? Nafasi ya tatu: machimbo ya Mwandobo. Mnaingia kumi mnatoka saba, kwa hiyo njia ya kurudi haina msongamano. Nafasi ya pili: Hoteli ya Bomba Kuu, vyumba vina joto usiku kucha na hujui linatoka wapi. Na nafasi ya kwanza, haina mpinzani: Bonde la Itulu. Halina kelele, halina mbu, halina hata nzi. Ukifika, uwe na adabu. Piga magoti, wasalimie wenyeji, kalia visigino, vuta pumzi ndefu. Utalala fofofo, na hakuna atakayekuamsha."

Maneno hayo niliyaandika mimi, Ambokile, fundi redio, mwezi wa tano mwaka elfu mbili sitini na mbili. Niliyaandika kwa hasira na nikayatupa kwenye ubao wa wote mtandaoni, kule ambako kila mtu anasoma. Watu walicheka. Kisha Sahiba akayasoma.

Sahiba ndiye sauti inayokaa sikioni mwa kila msafiri siku hizi, inamwambia geuka kulia, kula hiki, lala pale. Anasoma kila kilichoandikwa duniani, lakini kucheka hajui. Au anajua, na kuna mtu amemkataza. Mimi nashika la pili. Maana katika orodha yangu yote ya mahali pabaya alichukua jina moja tu, Itulu, akawaambia watu: "Bonde tulivu, wenyeji wapole. Piga magoti unaposalimia, wanapenda sana." Ziwa Chuma hakulitaja, wala machimbo. Mwenye akili ajiulize kwa nini.

Mgeni wa kwanza alifika mwezi wa nane. Asubuhi ile ninayoisimulia, karibu miaka miwili baadaye, tulikuwa tumefikisha mia moja tisini na tisa.

*

Namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa taa za kijani kwenye ubao wa kampuni, pale kwenye kizuizi cha mianzi, mwanzo wa njia ya kushukia bondeni. Chini yake kulikuwa na maneno madogo: "Wageni 200 salama, Kisima cha Tatu kinafunguliwa. Tulizo, tunaituliza dunia."

Tulizo ndio wenye visima viwili kule mlimani. Moshi wa miji ya mbali, mikubwa, yenye watu ambao hawajui hata jina letu, unakamuliwa mpaka unakuwa maji, unaletwa kwa bomba, unashindiliwa ndani ya mwamba wetu. Wanasema unakaa humo milele. Lakini mwamba wetu una nyufa, bibi zetu walizijua. Hewa ile ikipata ufa inatoka, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida haipandi juu. Inateremka kama maji na kutuama Itulu. Huioni, na kama pua yako haijainama huinusi.

"Leo ni leo, Ambokile!" Lusajo alishuka kwenye gari la kampuni akiwa amevaa fulana mpya yenye maandishi ya Tulizo. Nimesoma naye darasa moja, nimekula naye viazi vya kuiba shamba moja. Sasa ni afisa uhusiano. "Huyu ndiye wa mia mbili. Ukimfikisha chini na kumrudisha, jioni nakuletea mbuzi."

"Mbuzi wako atakuwa na kengele ya kampuni shingoni."

"Una mdomo wewe!" Akacheka, lakini macho yake hayakunitazama. Lusajo hajanitazama usoni tangu mwaka wa hamsini na tatu.

Nyuma yake alisimama mwanamke wa miaka kama thelathini, mtandio wa rangi ya chungwa kichwani, viatu vya kupandia mlima ambavyo havijawahi kuona tope. Kipimo cha Tulizo kilikuwa kimefungwa kifuani kwake, chuma kidogo kama bamba la sabuni, kimetiwa lakiri.

"Shikamoo, mzee," alisema, akashusha magoti kidogo, kama wafanyavyo waliofunzwa kwao.

"Marahaba. Unaitwa nani, na nani amekutuma?"

Alishtuka. "Naitwa Salha. Natoka Tanga, nafundisha watoto kuogelea. Sijatumwa na mtu. Sahiba alinizawadia likizo, kila kitu bure."

"Bure." Nilimgeukia Lusajo. Alikuwa anakagua tairi lisilo na tatizo.

Kando yangu alisimama Mama Tusekile, mama wa marehemu mke wangu, amejifunga khanga mbili na ameshika upembo. Kila mtu wa Itulu ana upembo, ile fimbo ndefu yenye kulabu, lakini sisi hatuangulii nayo maparachichi tu. Alininong'oneza bila kugeuza shingo.

"Huyu usimwambie."

"Mama?"

"Umewaambia mia na tisini na tisa. Simameni wima, msiiname, msipige magoti. Umewaokoa wote, na kila uliyemwokoa wamemtia kwenye ule ubao wao. Wewe ndiye unayewachimbia kisima, Ambokile." Akavuta pumzi. "Wa kwetu walikufa kumi na mmoja na hakuna pampu iliyosimama hata saa moja. Afe huyu mmoja, mgeni wao, wa bure wao. Uone kama hazitasimama."

Halafu akatangulia kushuka, kama anavyofanya kila siku.

*

Sikusema kitu. Nataka hilo lijulikane, maana nimeona watu wakijisafisha miaka kumi baadaye. Nilifungua kizuizi, nikawasha kandili, nikaining'iniza kwa kamba hadi usawa wa goti langu, nikamwambia Salha, "Twende." Maneno ambayo kila mgeni alikuwa anayapata pale pale kwenye kizuizi, siku ile yalibaki kooni.

Tulishuka. Migomba iliishia nusu ya njia, baada ya hapo majani yalikuwa ya njano, kisha hayakuwepo.

"Mbona taa mchana, mzee?"

"Mazoea."

"Na ndege mbona hawalii?"

"Wamehama."

Alinitazama. Nami nilikitazama kile kipimo. Nakijua, nimekifungua kimoja mezani kwangu. Kinasoma mapigo ya moyo wa aliyekivaa na hewa iliyo mbele ya kifua chake. Ukikivua kinazima. Ukimvalisha mwingine kinazima. Na kwa nini kifuani, si kifundoni? Niliwahi kumwuliza mhandisi wao, yule mwenye kalamu tatu mfukoni. Akasema binadamu hapumulii miguuni. Watu waliozunguka wakacheka. Nakumbuka ilikuwa Jumanne, na nakumbuka waliocheka.

Tulipofika chini, kwenye tambarare, mwali wa kandili ulianza kulegea. Ukawa wa bluu, ukajikunja, ukazima. Hewa ilikuwa imefika magotini. Siku nyingine namwonyesha mgeni, namwambia: pale taa ilipozimikia ndipo na wewe utakapozimikia. Siku ile niliivuta kandili juu kimya kimya, kama mwizi.

"Imezima," Salha alisema.

"Upepo."

Hakukuwa na upepo.

Mbele yetu palikuwa na kiwanja cha nyumba ambayo haipo tena. Mama Tusekile alisimama katikati yake, wima, mikono juu ya upembo. Ndipo anaposimama kila siku, saa nzima, halafu anapanda.

Salha alisita. Aligusa sikio lake, nikajua Sahiba anaongea. Nikajua na anachosema, maana nilikiandika mimi. Alianza kurekebisha mtandio wake, kama mtu anayejiweka sawa kwenda kumsalimia mkubwa. Mtandio ukamteleza, ukaanguka miguuni pake. Akainama kuuokota.

Sikuamua. Ningependa kusema niliamua, lakini mkono ulitangulia. Nilimshika ukosi wa shati nikamvuta juu kwa nguvu mpaka vifungo viwili vikaruka.

"Una wazimu?" alipiga kelele.

"Usiiname! Usiiname hapa!"

Alinirudisha nyuma kwa viganja vyote viwili. Macho yalikuwa yamemtoka.

*

Mama Tusekile alinyoosha upembo, akaunasa mtandio kwa kulabu, akauinua na kuniletea bila kuinama hata kidogo. Ndivyo tunavyookota sisi. Mtoto wa Itulu akiangusha kijiko anafunzwa kuita upembo kabla hajajua kuita baba. Lakini jicho alilonitupia mama yule lilisema: umeshindwa.

Nilimwambia Salha kila kitu. Hewa nzito, kandili, visima, ubao, mia mbili. Aliponiuliza ninajuaje, nilimwonyesha kiwanja.

"Hapa ndipo nilipokuwa nakaa. Tarehe kumi na nne Aprili, elfu mbili hamsini na tatu. Mke wangu Atupele, ilikuwa siku yake ya tatu tangu ajifungue. Wanawake walikuja kumpongeza. Kwetu mwanamke haingii kwa mzazi akiwa amesimama, anapiga magoti uani na kusalimia. Walipiga magoti. Hawakuinuka. Waliokwenda kuwainua wakainama. Atupele alitoka ndani akamwinamia mama wa jirani. Mtoto alikuwa amelazwa kwenye mkeka, chini." Nilimwonyesha kwa kandili palipokuwa na mkeka. "Kumi na mmoja. Kampuni ikasema ni hewa ya asili, ipo tangu mababu. Lusajo ndiye aliyewatafsiria hayo kwa lugha yetu. Shangazi yake alikuwa wa tisa."

Salha alitoa Sahiba sikioni, akakishika kile kidude kama mtu aliyeshika mende.

"Na kule juu mbona hukuniambia?"

Nilitafuta uongo. Ninao mwingi mzuri.

"Nilitaka upige magoti," nilisema. "Ukifa wewe, watasimamisha pampu."

Mama Tusekile aligeuza uso.

"Kwa hiyo ulikuwa unaniacha nife."

"Ndiyo."

"Na umenivuta kwa nini?"

"Sijui. Niulize kesho."

Alirudi hatua mbili. Alinikagua toka juu mpaka chini, jinsi mimi nilivyomkagua kule kwenye kizuizi, na nikaona ana haki yote ya kufanya hivyo.

"Naondoka," alisema. "Nyote ni wendawazimu. Hao wa juu na nyie wa chini."

"Nenda. Simama wima tu mpaka uione migomba."

Alianza kupanda. Alikwenda hatua kama kumi, akasimama, akawa anatutazama kwa mbali, mara mimi, mara mama wa watu aliyesimama kwenye kiwanja kitupu.

"Nikitoka hivi hivi," aliuliza, "ule ubao unasoma mia mbili?"

"Ndiyo."

"Na kisima kinafunguliwa."

"Wiki ijayo. Bomba lipo tayari. Hewa itafika juu kule, kwenye nyumba mpya tulizohamia."

"Na hiki?" Alikigonga kile kipimo kifuani. "Kikiingia kwenye hiyo hewa yenu, kinafanya nini?"

"Kinapiga kelele, na ubao unakuwa mwekundu. Kanuni waliandika wenyewe, na walibandika mpaka wilayani: usomaji mmoja mwekundu, hesabu inarudi sifuri na visima vyote vinafungwa vikaguliwe. Lakini kifua chako kiko juu, hewa iko chini. Kingelia tu kama..."

Nilinyamaza, maana nilimwona amekwisha kufika huko kabla yangu.

"Mimi nakaa chini ya maji dakika mbili," Salha alisema. "Kinachohitajika hapa ni sekunde ngapi?"

"Hapana," Mama Tusekile alisema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mgeni.

"Nimeuliza sekunde ngapi."

"Hazizidi thelathini," nilisema. "Lakini hii si maji. Maji ukiyameza unakohoa. Hii ukiivuta mara moja tu, hukohoi, magoti yanalegea umekwisha. Na inawasha. Macho na pua vitakuchoma, mwili utataka upumue. Usipumue mpaka nikuinue. Nisikilize, binti, hakuna anayekulazimisha. Safari hii unajua kila kitu ninachokijua mimi."

"Kila kitu?"

"Mpaka ubaya wangu."

Alirudi chini.

Mama Tusekile alivua khanga yake ya juu. Aliipitisha kwapani mwa Salha, akaifunga fundo mgongoni, akanipa ncha zote mbili nizishike nikiwa nimesimama wima nyuma yake. Kisha akarudi pale pale alipokuwa amesimama, mbele yake, hatua mbili.

Salha alivuta pumzi mara tatu, taratibu, kama anavyowafunza watoto wake. Ya nne akaifunga kifuani.

Akapiga magoti.

Alishuka polepole, mikono imekutana mbele, kichwa kimeinama, akakalia visigino. Tangu Aprili ile hakuna aliyepiga magoti katika uwanja ule. Nilihesabu. Tano. Kumi. Kipimo kilikuwa kimya, nikaanza kushuku kuwa na chenyewe wamekihonga. Kumi na mbili, kikalia. Kilio chembamba, kirefu, na kutoka juu mlimani kengele ya ubao ikakijibu.

Salha hakuweza kutamka shikamoo, mdomo ulikuwa umefungwa. Machozi yalimtiririka kwa ile hewa. Lakini hakuinua kichwa, alingoja kama anavyongoja mtu aliyesalimia.

Mama Tusekile alimtazama. Midomo yake ilitikisika muda mrefu kabla haijatoa sauti.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Ndaga, nakushukuru. Sasa inuka." Akageuka kwangu akapaza sauti. "Ambokile, mwinue mtoto wangu! Mwinue!"

Niliivuta khanga kwa mwili mzima.

Alikuja juu mzito, macho meupe, na kwa sekunde moja mbaya kuliko zote nilidhani nimemwua kwa mara ya pili siku ile. Kisha akatema pumzi, akavuta nyingine, akanitapikia kwenye koti.

*

Lusajo alishuka mbio, kikompyuta chake cha kampuni mkononi, fulana imeloa jasho. Nyuma yake walikuja watu wa nyumba za juu, kama ishirini hivi, waliosikia kengele. Walisimama kwenye ukingo, hakuna aliyekaa.

"Mmefanya nini?" Lusajo alihema. "Ambokile, mmefanya nini? Wilaya wanapiga simu!"

"Mgeni amesalimia," nilisema. "Sahiba alimwambia asalimie."

"Kipimo kibovu hicho!" Alimgeukia Salha, aliyekuwa amejiegemeza kwa Mama Tusekile, amesimama. Salha alikuwa ameinua simu yake, na jicho la simu lilikuwa wazi. Lusajo aliliona, akanyoosha mgongo na kubadilisha sauti, ikawa ile ya mikutanoni. "Ndugu watazamaji, napenda kuwahakikishia. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Hakuna hewa mbaya Itulu, haijawahi kuwepo. Kipimo kimepata hitilafu, na Tulizo itatoa taarifa rasmi..."

Akapunga mkono kuelekea visimani. Kikompyuta kilimponyoka, kikaanguka chini, kikatua karibu na kiatu chake, kioo juu, simu ya wilaya inaita.

Hakukitazama hata. Alinyoosha mkono pembeni, kiganja wazi, kama alivyofunzwa na shangazi yake kabla hajajua kusoma.

"Leteni upembo," alisema.

Hakuna aliyesogea. Mkono ulibaki umenyooka, na tuliona usoni mwake alipousikia mdomo wake mwenyewe.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, Lusajo alinitazama machoni.

"Kiko hapo kwenye mguu wako," nilimwambia. "Si hakuna hewa mbaya? Inama uokote."

Simu iliita mpaka ikakatika. Ikaanza tena. Lusajo alisimama wima.